Bolti Nne

Walituita Jumanne, ukumbi wa kanisa, Possilpark,
chai kwenye vikombe vya karatasi, ramani ukutani,
kila mtu vidoti vitatu vya kijani:
bandika unapopapenda.
Neno lao lilikuwa ushirikishwaji.
Nililihesabu njiani nikirudi. Silabi sita,
na ndani yake sikumwona anayeshiriki,
yuko tu anayeshirikishwa,
kama mtoto anayelishwa uji, kitambaa shingoni.

Hata hivyo nilibandika.
Cha kwanza: bomba la maji, fupi, mtoto alifikie.
Cha pili: taa.
Cha tatu nilikaa nacho kidoleni hadi gundi ikakauka,
kisha nikaandika kwa kalamu, maana kidoti hakisemi:
benchi. Liangalie bembea.
Nina watoto watatu na shingo moja.

Miezi kumi na saba, uzio wa mabati.
Byamungu wangu akajifunza baiskeli
kwenye korido ya ghorofa ya nane.

Siku ya kufungua, utepe ulikatwa na mtu
aliyekuja kwa gari akaondoka kwa gari.
Bomba lipo. Fupi. Nililigusa
kama paji la uso la mtoto aliyepona homa.
Taa ipo.
Benchi lipo, zuri, la mbao nyekundu,
linatazama barabara.
Bembea limezipa kisogo.

Nikaandika barua. Jibu: maoni yako yamepokelewa.
Kitenzi kingine kilicholala chali.

Sasa sikiliza, na usimwambie mtu wa manispaa.
Usiku wa Jumapili, Dougie wa ghorofa ya chini,
fundi wa reli kabla mgongo haujamsaliti,
alitoka na spana.
Agnieszka akashika tochi.
Bolti nne.
Ya mwisho iligoma. Dougie akaitukana kwa Kiskoti,
Mwavita kwa Kibembe,
ikalegea, haijulikani kwa lugha ipi.
Moja, mbili, tatu, tukalinyanyua,
tukaligeuza,
tukalikaza upya, na mvua ikitukagua.

Jumatano alikuja mkaguzi na ubao wake.
Akapima. Akatazama ramani, akatazama benchi
na mimi juu yake, miguu nimeinyoosha,
Byamungu hewani, anarudi, hewani.
Akatia alama ya vema:
limewekwa kama lilivyochorwa.

Geti bado wanalifunga saa kumi jioni.
Dougie anasema kufuli
si kitu kikubwa.