Chumba cha Juu, Mudhairib

Bi Thuwaiba kanipa ufunguo akitazama pembeni:
"Chini zunguka utakavyo. Juu usipande.
Juu pana mtu asiye mtu."

Nyumba ya udongo, imeanza kurudi ardhini.
Magogo ya mtende darini humwaga vumbi
kila popo akigeuka upande.
Kwenye kioo kilichopasuka nikajiona wawili,
na yule wa pili alichelewa kugeuka.
Haya, nikasema, vyombo vyote vipo:
popo, kioo, komeo, mke asiyetajwa.
Imekosekana radi tu na usiku wa manane.
Lakini hapa hofu hutoka saa saba mchana,
jua la utosi, kivuli kimejificha chini ya nyayo,
na mbwa hawabweki kwa joto.

Zamani, wasema, sauti ilikuwa ikishuka toka juu
kwa lugha ya majini.
Aliletwa mganga kutoka Bahla, na kombe lake;
akasoma hadi koo likamkauka,
na sauti ikazidi kuuliza.
Watoto waliikariri mchezoni. Bi Thuwaiba alikuwa mmoja wao,
na maneno anayo hadi leo, hajui maana,
kama mtu aliyetunza barua ya jirani miaka sabini.
Jana kaninong'oneza, kanishika kiganja:
*mtotokala, mtotokalala,
mtotokala, mtotokalala.*

Mimi mzaliwa wa Wete.
Chai ilinimwagikia mapajani.

Nikapanda.
Hapakuwa na mifupa, wala shela la harusi.
Dirisha la kupitisha mkono, si kichwa.
Mkeka. Na pembeni, mbuzi ya kukunia nazi,
meno yake makali bado,
katika mji ambao haujawahi kuotesha mnazi.
Ubavuni mtu kachonga kwa msumari: MIZE.
Babu alilitaja jina hilo mara moja tu, homa ikimchoma.
Alitolewa humu mikononi mwake akiwa hajaota meno.

Nikakaa juu ya mbuzi, magoti yakanigota kidevuni.
Nikajibu kwa sauti, maana swali lilikuwa limesubiri mno:
Kala, bibi. Kala wali wa nazi hadi akanenepa.
Kalala. Kalala Wete, chini ya mchanga mwekundu,
wajukuu kumi na wanane walimbeba.

Chini, mlango wa uani ukagonga.
Nikasikia ndala zikikimbia, kisha mtoto wa jirani,
kwa Kiarabu, pumzi zikimkatika:
"Bibi! Bibi! Limeanza tena!"