Daftari la Mkanda

Mwaka ule Oketcho alileta kanda za Meksiko
kwenye kibanda chake cha video nyuma ya soko la Tororo.
Kihispania hakujua hata cha kuombea maji,
lakini alishika maikrofoni akatutafsiria miereka yote,
na kila aliyerushwa juu ya kamba
akampa ukoo, deni, na mke wa pili.

Tukajua kwamba kule kila uzito una mkanda wake,
na kuna tume, watu wa tai na mihuri,
wanaoandika nani alimpokonya nani, tarehe, mji.
Na bado, alisema Oketcho (sijui alilitoa wapi),
ipo miaka ambayo mkanda ulipotelea njiani
na kitabu kinasema tu: haijulikani.

Neno hilo lilinikaa.

Mkanda wetu sisi ni bati la mafuta ya kupikia.
Okiring aliliponda kwa nyundo, akalichora kifaru kwa msumari;
ukiligeuza bado linasema *lita ishirini*.
Ulingo ni mifuko ya saruji mia mbili na kumi,
niliishona mimi. Anayeanguka huinuka mweupe
kama aliyefufuliwa kabla ya siku yake.

Daftari nalo ni langu, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Wa kwanza, Radi ya Malaba, miezi minne.
Wa pili, Daktari wa Meno, siku kumi na moja,
akauweka rehani kwa gunia la mtama.
Hapo nimeandika: *mkanda uko kwa Mama Nyafwono, hauna bingwa.*
Wa tatu, Radi tena.
Wa nne nimemkata kwa wino mwekundu; mwamuzi alikuwa shemeji yake.
Wa tano, Kakakuona.

Kinyago chake nilikishona kwa masalio ya sare za shule,
rangi ya damu ya mzee.
Kichwa: sentimita hamsini na tisa. Fundi hasahau kichwa.
Mchana alipakia saruji kwenye malori,
usiku alikohoa ndani ya kitambaa changu.
Alitetea mara saba. Kisha jioni moja,
mlango nimekwisha kuuegesha, sauti yake ikaomba nikipunguze.
"Kimelegea," ilisema. Lakini mwenye sauti alibaki nje gizani,
na aliyeingia nimpime alikuwa mwingine:
hamsini na tano na nusu,
masikio yametobolewa.

Sikuuliza. Uzi hauulizi.

Mwaka na miezi miwili mkanda haukuhama kiuno.
Watu walisema amejifunza wepesi,
anaruka kutoka kona ya juu kama wale wa Meksiko wenyewe.
Mkanda ukipotea hurudi, Oketcho alitufundisha;
kinyago kikivuliwa, basi.
Umati uliita Kakakuona! Kakakuona!
na kaka hakuona, alikuwa kitanda cha pili kutoka dirishani,
akisikiliza kwenye redio ya jirani ushindi wake mwenyewe.

Tulimzika mwezi wa tatu.
Jumamosi iliyofuata Kakakuona alishinda tena.

Sasa amekuja kijana kutoka Kampala, ana kompyuta,
anataka orodha safi: jina, mwanzo, mwisho, mara alizotetea.
Nikamsomea. Kufika wa tano akainua kichwa
(hamsini na saba, kwa kukadiria).
"Huyu ni utawala mmoja?"
Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, likilia, likilia.
Nikasema, andika haijulikani.
Akasema hakuna mahali pa kuandika hivyo.
Basi andika mmoja.

Alipoondoka nilichukua penseli,
na ukingoni mwa ukurasa, kwa tarakimu ndogo,
pale ambapo mteja hatazami,
nikaandika 59.
Chini yake, 55 na nusu.