Mguu wa Ishirini na Tatu

Saa saba usiku, ghorofani Makupa,
feni imezimika, na Bi Mwanakheri wa ghala la barafu Liwatoni
amepiga simu mara ya nne:
"We Nyevu, hiko kidude chako kimenyamaza.
Pweza wangu wataka kunuka. Wafanyani?"

Nafanya nini. Nasoma.
Kompyuta yenyewe haizidi kiberiti,
ina miguu arubaini, nami nautaka mmoja tu,
wa ishirini na tatu, uliochomewa waya wa kipimajoto.
Kerneli inaamka, inawaita madereva wake kwa majina,
na anayetaka mguu huandikwa daftarini kabla hajaugusa.
Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri.
Dereva wa kipimajoto akaja na adabu zake, akabisha.
Akajibiwa kwa maneno mawili:
una mwenyewe.

Mwenyewe nani?
Nafungua daftari. Mbele ya ishirini na tatu
pameandikwa: king'ora.

King'ora! Hatuna king'ora.
Kilikuwa kwenye bodi ya mwaka juzi.
Shekue aliking'oa kwa koleo, mimi nikimmulikia,
maana kililia kila mlango ukifunguliwa
na wachuuzi waliapa watakitupa majini.
Aling'oa king'ora.
Jina lake akaliacha kwenye ramani.

Njia ya mkato ninayo. Naweza kulipita daftari,
niingie dirishani, niuvute mguu kwa nguvu.
Niliwahi kufanya hivyo, siku za ujinga wangu:
madereva wawili wakavutana waya mmoja
na kipimajoto kikaapa kwamba ndani ya barafu
kuna nyuzi themanini na tano.

Nikafuata nyayo, mstari kwa mstari.
Dereva wa king'ora aliitwa, akaomba mguu, akapewa,
akakitafuta kifaa chake, hakukikuta, akafa.
Kufa si kosa. Madereva hufa kila nikiwasha mtambo.
Kosa lake, alikufa na mguu mkononi.

Nikamkumbuka Mwakio, mpangaji wa chumba cha mwisho
kule Majengo nilikokulia,
aliyehamia Voi na ufunguo wa choo mfukoni.
Watu kumi na saba, wiki mbili,
tukibisha kwa jirani na ndoo zetu.
Hakuwa mwizi. Alisahau tu.
Na mama alikataa kitasa kisivunjwe,
"jina lake lingali kwenye daftari la kodi," akasema,
huku yeye mwenyewe kashika kiuno, anacheza mguu huu, mguu huu.

Basi nikaufuta mstari wa ramani.
Kisha, pale dereva anaposhindwa na kugeuka kuondoka,
nikaongeza amri moja fupi: achilia.
Juu yake, mahali pa maelezo ambapo mashine haisomi,
nikamwachia atakayekuja baada yangu:

Ukiomba ukapewa, sharuti ukirudishe,
Hata ukikataliwa, mwenzio usikwamishe,
Na ukifa hujakuwa, deni usilibakishe,
Pini si mume wa ndowa, pini ni kupokezana.

Nikawasha.
Kipimajoto kikabisha, kikaandikwa, kikaingia.
Hasi moja. Hasi moja nukta tano. Hasi mbili.
Nikampigia Bi Mwanakheri; kreti la juu, akasema,
ameshawapa paka, na bei yake
nitaiona kwenye malipo yangu.

Saa kumi na nusu. Muadhini wa kwanza anasafisha koo.
Viazi karai vya jana vimelala kwenye karatasi, ukwaju umekauka.
Kabla sijazima, nalipitia daftari mara ya mwisho,
nikijisifu kidogo, nikimsema Shekue moyoni.

Mguu wa nane.
Mwenyewe: nyevu, jaribio.
Tangu mwezi wa tatu.