Deni la Kikombe Kimoja

Kaa hapa juu ya gunia, Butoyi, kahawa haivunjiki.
Umeniuliza utie nini kwenye begi.
Hilo swali la mwisho.
La kwanza ni pasipoti: ifungue, itazame siku yake ya kufa.
Ikiwa imebakiza chini ya miezi sita
usinunue hata soksi.

Kisha sindano ya homa ya manjano, pale Kigoma mjini,
siku kumi kabla au zaidi, si asubuhi ya safari
kama Editha wa Matyazo
aliyeachwa uwanja wa ndege na begi lake jipya,
akarudi Kalinzi tukiwa bado tunasimulia alivyoaga.
Toa nakala za kila karatasi:
moja ilale chini ya nguo, moja mwachie pacha wako.
Bukuru hasahau kitu, hata deni.

Treni yetu usiipe ahadi.
Weka siku mbili tupu kati ya reli na ndege.
Mimi sikuweka. Nililala stesheni ya Tabora
nikiiona ndege ikipaa bila mimi.
Haikupaa. Nayo ilichelewa.
Lakini bahati si mpango, mwanangu.

Sasa saa.
Uhabeshi wanahesabu kama sisi:
jua likichomoza, ndiyo wanaanza.
Dereva aliniambia saa tatu, akaja saa tatu yetu,
nusura nimkumbatie.
Ila tiketi inasema saa za kizungu. Ziandike zote mbili,
hata kiganjani, kama unaona soni kuuliza.
Na mwaka wao uko nyuma ya wetu, saba, mara nyingine nane.
Nilijidai nimerudishiwa ujana;
magoti yakakataa.

Beba koti. Usicheke.
Baridi ya Kalinzi ni mtoto; mama yake anakaa Adis Ababa.
Soksi ziwe nene, maana kanisani unavua viatu
na sakafu ya jiwe haijui mgeni.
Chukua na shuka jeupe la kichwani.
Mimi nilijifunga kitenge cha matausi:
watu walinisoma kama tangazo la sabuni.

Jumatano na Ijumaa usiulizie nyama, wengi wamefunga,
wala usiwaonee huruma:
dengu zao zitakufanya uzionee haya za kwetu.
Bibi anayesali usimpige picha. Muombe kwanza.
Akikataa, mshukuru vilevile:
*ameseginalehu.*
Lianze leo. Ni refu kama reli ya kati,
lina vituo, usiruke hata kimoja.

Dagaa wa Kibirizi usibebe.
Nilibeba kilo mbili, kwa mapenzi.
Ofisa alifungua, akarudi nyuma hatua moja,
akaniuliza kwa mikono: hiki kilikufa lini?

Mwenyeji akikukunjia tonge, akakuletea kinywani,
fungua kinywa.
La kwanza nililikwepa kama mtoto anayekataa uji.
Jiko zima likanyamaza.

Tena ratiba: acha matundu.
Wavu usio na matundu ni shuka tu.
Yangu niliishona kote, makumbusho, soko, shamba la mfano,
hadi siku ile nyumbani kwa Etenesh.
Alikaanga kahawa mbele yetu, akapitisha moshi
kila mmoja auvute kwa kiganja. Mimi, mkulima
wa miaka thelathini, sikuwahi kuinusa hivyo yangu.
Kikombe cha kwanza. Cha pili.
Gari likapiga honi, nikainuka, nikashukuru vibaya.

Njiani ndipo nikaambiwa viko vitatu,
na cha tatu kina jina.
Wanakiita baraka.
Baraka, Butoyi, neno letu lilelile,
nililiacha mezani likipoa.

Anwani yake hii hapa, nyuma ya risiti ya chama.
Mwambie umetumwa na yule wa kitenge.
Keti.
Usitazame saa, yao wala yetu.