Usione Yaenda

Orrin amelichora lori nyuma ya kalenda ya ghala la mahindi:
bomba la moshi, taa zote za kipajini,
na jina lake ubavuni kwa herufi za kujikunja.
Bei ameandika moja tu, elfu hamsini na nane,
akaipigia mstari mara mbili
kama mtu aliyemaliza.

Nikamwambia, keti.
Ni Februari, Dakota Kusini, madirisha yameota barafu kwa ndani,
na kahawa ipo.
Mimi huhesabu maziwa ya watoto mia nne na kumi
kila asubuhi katika jiko la shule.
Boksi moja likipungua, yupo atakayenyoosha mkono
na mkono ukarudi mtupu.
Basi usinipe bei ya lori.
Nipe bei ya lori kutembea.

Kianzio: elfu kumi na mbili, chini ya hapo benki haitabasamu.
Bima (hapo alikohoa) elfu kumi na nne na mia sita kwa mwaka,
robo yake kabla ufunguo haujageuka,
maana mtu wa miaka kumi na tisa barabarani,
siku anapoendesha lake mwenyewe,
kwa watu wa bima ndiyo kwanza kazaliwa.
Namba. Vibali. Kodi ya uzito.
Minyororo ya theluji, kamba za kufungia mzigo,
kifaa cha kuandika saa zake za kulala,
kwa sababu huko hata usingizi una mkaguzi.

"Matairi bado yana uhai," akasema.
Yapi? Yako kumi.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini tairi halipasuki haba na haba.
Tukaandika matairi.
Tukaandika akiba ya injini,
maana maili laki sita na elfu kumi na moja
si umri wa kuamkiwa shikamoo ukapita;
ni umri wa kushikwa mkono hadi hospitali.

Wale wanaotupita usiku kwenye barabara kuu,
wamewaka taa kama harusi,
usione yaenda.
Yamelipiwa.

Kisha nikamtaja baba yake, jambo ambalo silifanyi.
Mwaka themanini na moja Arvid alinunua lori la buluu,
taslimu, bila deni la mtu.
Alipeleka ng'ombe Omaha, akapeleka nyama Chicago.
Mzigo ulifika. Pesa zikawa njiani.
Dizeli haijui neno "njiani".
Mwezi wa tano likauzwa, zima, halina hata mkwaruzo.
Halikuharibika lile lori.
Lilikauka.

Orrin akazungusha kalamu mezani, ikaanguka, hakuiokota.
Nikaiokota mimi, nikachora safu mpya: KUSUBIRI.
Dalali hulipa baada ya siku arobaini na tano.
Dizeli ya siku hizo ni elfu kumi na moja, upepo usipotupinga.
Na nyumba hii nayo hula siku arobaini na tano,
haijawahi kufunga hata moja.

Ndipo nikaona: mistari ishirini na mitatu,
na hakuna wenye jina lake.
"Wewe utalipwa nini?"
Akanitazama kana kwamba nimeuliza jokofu linalipwa nini.
Nikaandika: Dereva.
Chini yake: Mtunza daftari.
Akacheka.
Mimi sikucheka.

Jumla sikuitamka, nilimgeuzia karatasi.
Tulichonacho, elfu thelathini na moja.
Pengo, elfu tisa na mia mbili.
"Hatuwezi," akasema.
Hatuwezi Machi, nikasema. Oktoba nao ni mwezi.

Saa kumi alfajiri akavaa buti
kwenda kuwasha lori la watu, lenye bima ya watu.
Nilikuwa nimeshabandika kalenda kwenye jokofu, mchoro kwa nje.
Akafika mlangoni, akarudi,
akatoa noti ya dola ishirini iliyokunjwa mara nne,
akaibana kwa sumaku palepale, juu ya gurudumu la mbele.

Elfu tisa, mia moja na themanini.