Ndoo ya Tatu kutoka Kushoto

Barua ya serikali ilikuwa na sentensi moja niliyoielewa:
nusu ya ada tutalipa sisi.
Nusu ya pili ilikuwa bei ya ndoo kumi na moja.
Nilizihesabu kwa macho pale rafuni,
nikamwambia Endel, mshauri huyu na awe na kichwa cha dhahabu.

Akashuka basi la asubuhi kutoka Tartu,
Imbi Lepasaar, viatu vimelowa theluji,
mkoba mdogo kuliko wa daktari wa ng'ombe.
Hakuuliza mauzo. Hakuuliza ndoto zetu
(wale wa benki huuliza ndoto).
Aliinua ndoo, akaigonga kwa kidole, akasikiliza.
"Ina gundi?"
Endel alicheka hadi vumbi la randa likamtoka ndevuni.
Gundi! Ubao hushikwa na ubao kwa maji,
kwa pete mbili za chuma, na kwa adabu.
Akaandika: hakuna gundi. Akapigia mstari.

Ziara ya pili ilikuwa ya tarakimu.
Kwamba kwa watu wa forodha ndoo si ndoo,
ni namba, na ukikosea moja umeuza kiti,
na kiti kina ushuru wake.
Kwamba kreti nayo hupikwa, ikapigwa mhuri,
kwa hofu ya mdudu asiyezaliwa bado.
Kwamba Osaka yuko Bwana Nishiwaki, mwenye bafu la mvuke,
anataka ndoo arobaini na kata arobaini,
naye hulipa siku sitini baada ya kupokea.
"Siku sitini tutakula nini?"
"Hilo ndilo swali nililolifuata," akasema,
akanifundisha kudai theluthi mbele bila kupiga magoti.

Akaondoka na ndoo yetu kwapani.
Nikaandika daftarini:
ya tatu kutoka kushoto, kwa mshauri, haijalipiwa.
Nilinuna, sifichi.

Machi, Võru yote tope, akarudi
na mfuko wa dukani, akaumwaga mezani:
vibao kumi na vinne, kitako, pete mbili.
"Niliiweka kando ya jiko langu
siku arobaini na tano, kama melini. Haikuonja tone.
Juzi usiku ikaachia.
Paka wangu hajanisamehe."

Endel aliokota kibao kimoja kimoja
kama mtu asomaye majina.
Huku kwetu kila Jumamosi ina mvuke wake, ndoo haipati nafasi ya kukauka.
Miaka thelathini, na hakujua
kwamba kazi ya mikono yake ina kiu.
Nilidhani atamfukuza.
Alimuuliza kama anakunywa kahawa.

Gundi alikataa hadi mwisho. Kwa hiyo kila ndoo ilibeba kadi,
nami niliiandika, maana Endel huandika kwa patasi tu:

*Nimesafiri kwa meli, kooni sina unyevu,*
*Usinione dhalili, kwa kukaukwa na mbavu,*
*Nijaze maji kamili, niache nivute nguvu,*
*Kesho nichote, sivuji: nilikuwa na kiu tu.*

Kuitafsiri kulitugharimu ndoo mbili zaidi.
Ruzuku haigusi tafsiri.

Sasa nimekaa na fomu ya mwisho.
Saa za ushauri zilizotumika: sita.
Nilitafuta pa kuandika zile siku za jikoni kwake,
na paka.
Hakuna kisanduku.
Nikafungua daftari langu, nikakata neno moja:
haijalipiwa.