Kwa Aliyempa Radi Bubu Mdomo

Bwana mwongozaji mpya,
hunijui. Mimi ndiye niliyekuwa nakata tiketi
banda la Mkwemba, Newala, nyuma ya ghala la chama,
siku ile sehemu ya pili ilipofika.

Tulikuwa tumeingoja misimu mitatu ya korosho.
Msimu wa kwanza bei ilianguka, tukasema, itakuja.
Wa pili ubwiri unga ulikula maua,
tukapuliza salfa hadi kope zikawa za njano,
tukasema, itakuja.
Wa tatu malipo ya mnada yalichelewa
na bado Sijaona alimwekea Mkwemba mia tano mkononi:
"Hiyo ya Radi Bubu. Usiichanganye na za mpira."

Sasa nikwambie tuliyekuwa tunamngoja ni nani.
Ni mtu aliyepewa radi akanyimwa ngurumo.
Aliyeangusha mnara, kisha akarudi usiku
kuokota matofali ya watu.
Alikuwa na mama mwenye kikohozi
na joho lenye kiraka begani, uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi,
kiraka kilichoshonwa mbele ya macho yetu, dakika nzima,
bila muziki. Banda zima likanyamaza
tukasikia jenereta likihema.

Na aliogopa kimo. Hilo ndilo lililotumaliza.
Sisi tumezaliwa ukingoni, bwana.
Hapa kwetu ardhi inakatika ghafla pale Shimo la Mungu,
asubuhi ukungu unajaa chini kama maziwa kwenye bakuli,
na kila mtoto ameshasogea, akachungulia,
akahisi nyayo zinaingia baridi.
Kwa hiyo aliposimama juu ya jengo, magoti yanacheza,
Chilumba alipiga kelele: "Huyo wa Newala!"
Kesho yake wadogo zetu walikata viroba vya salfa,
wakavifunga shingoni, wakawa wanaruka
kutoka kwenye ngazi za ghala. Ngazi tatu tu,
lakini kwanza kila mmoja alihakikisha anatetemeka.

Ndipo ukaja wewe.

Umempa mdomo.
Anaruka, anatania. Mtu anakufa, anatania.
Mama yake umemuua kwa sentensi moja, kwenye simu,
watu hata hawajamaliza kukaa.
Joho jipya linang'aa kama bati la mwenye pesa.
Miji mitatu imeporomoka, nimehesabu,
hakuna aliyerudi kuokota tofali.
Na kimo? Kajitupa toka mawinguni
huku anachana nywele.

Somoe, ambaye hajawahi kusema neno bandani,
alisimama katikati, akajitanda kanga yake,
akasema, "Huyu simjui,"
akatoka kama mtu aliyekosea msiba.

Nje wakadai hela. Mkwemba akasema
chakula kikishaliwa hakirudi sokoni.
Wakamwambia, hatujala, tumeonyeshwa sahani.
Mimi na kijikasha changu cha tiketi katikati.
Nilikutetea kidogo, ujue. Nilisema
labda naye aliamriwa na wenye pesa.
Ntaliwa akanijibu:
"Hata mpishi wa kukodiwa huonja chumvi."

Sikufichi: kuna mahali, karibu na mwisho,
anatazama viganja vyake. Sekunde tano, labda sita.
Hasemi kitu. Nikaona ni yeye,
nikasogea mbele na tiketi zangu mkononi.
Ukakata. Ukaweka mlipuko.

Sekunde hizo ulizipata wapi?
Ulizirithi, au ulizipiga mwenyewe
ukaziogopa?
Ndicho hasa nilichotaka kuuliza.

Viroba vimerudi shambani, vina kazi zake.
Isipokuwa cha Nambeya, binti wa Mkwemba, miaka saba.
Anasema yule hakuwa Radi Bubu, yule ni mwizi wa joho;
mwenyewe kajificha na mama yake mahali,
anasubiri tupunguze kelele.

Ya tatu ikija, tutalipa. Usijisifu.
Tutakuja kumtafuta.